Soko la Hisa Likipanda: Mambo Ninayoyaangalia Kabla ya Kununua

Kila bei za hisa zinapopanda kwa miezi kadhaa mfululizo, simu yangu huanza kuita, na wanaopiga ni watu ambao kwa miaka mingi hawakuwa na hamu hata ya kulisikia neno gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Swali lao huwa ni lile lile, ingawa kila mmoja huliuliza kwa namna yake: je, bado hatujachelewa? Shemeji yangu aliniuliza kwa namna ya kulalamika kidogo: "Shemeji, ofisini kwetu wote wameshanunua, mimi nasubiri nini?" Nimekuwa mwanahisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na katika muda huo nimeliona soko likipanda, likilala kwa miaka, kisha likipanda tena. Nimeona ni vyema niandike kwa utulivu yale ambayo kwenye simu huwa nayajibu haraka haraka.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Katika masoko makubwa ya dunia, kipindi ambacho bei za hisa zinapanda kwa jumla na kwa muda mrefu huitwa soko la fahali, na kipindi cha kushuka huitwa soko la dubu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba fahali anaposhambulia huinua pembe na kumrusha adui juu, ilhali dubu hupiga kwa kushusha makucha chini. Jijini New York ipo sanamu ya shaba ya fahali huyo, ambayo mchongaji Arturo Di Modica aliiweka mbele ya jengo la soko la hisa usiku wa Desemba 1989 bila kibali cha mtu yeyote. Ikahamishiwa karibu na hapo, na hadi leo watalii hupanga foleni kupiga nayo picha. Wachambuzi wamezoea kusema kwamba soko limeingia katika kipindi cha fahali pale fahirisi yake, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa, inapokuwa imepanda kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kiwango cha chini cha karibuni.

Hayo ni mazoea tu wala si sheria, na yana kasoro ambayo mnunuzi mpya anapaswa kuijua mapema: jina hutolewa baada ya safari kuanza. Siku magazeti yanapotangaza kwamba soko ni la fahali, asilimia 20 ya kwanza ya mpando imeshaingia katika mifuko ya watu wengine. Vilevile, kipindi cha fahali si mstari ulionyooka. Fahirisi ya S&P 500 ya Marekani ilipanda kuanzia Machi 2009 hadi Februari 2020, na wengi hukihesabu kipindi hicho kuwa kirefu kuliko vyote katika historia yake; lakini ndani yake, mwaka 2011 na tena mwishoni mwa 2018, fahirisi ilishuka ikakaribia asilimia 20, na kila mara walikuwapo waliouza wakidhani mambo yamekwisha. Yalipokwisha kweli, mwaka 2020, iliporomoka kwa asilimia 34 katika muda wa mwezi mmoja hivi, na waliokuwa wamejiandaa kuuza "dalili zikionekana" hawakupata nafasi ya kuziona dalili zenyewe.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu soko letu halifanani na la New York hata kidogo, na ushauri mwingi unaosambazwa kwenye makundi ya simu umenakiliwa kutoka huko bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Dar es Salaam kuna fahirisi mbili zinazotajwa kila siku. Moja inajumlisha kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya kama benki ya KCB na kampuni ya bia ya EABL ambazo zimeorodheshwa pia hapa. Nyingine inahesabu kampuni za Tanzania peke yake. Mtu asiyejua tofauti hii anaweza kusikia kwamba soko limepanda, akaangalia hisa zake za benki au za saruji na kuona hazikusogea, kumbe kilichopanda ni bei ya Nairobi, au pengine ni thamani ya shilingi ya Kenya dhidi ya yetu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba soko limepanda, swali langu la kwanza ni fahirisi ipi, na la pili ni kampuni zipi zilizoibeba. Mara nyingi jibu la swali la pili huwa ni kampuni mbili au tatu tu.

Jambo la tatu ni kiasi kilichouzwa. Katika soko lenye wauzaji wachache, hisa mia tatu zikiuzwa kwa bei ya juu kidogo kuliko ya jana, bei hiyo ndiyo inayoandikwa kuwa bei ya kampuni nzima, na thamani ya mabilioni ya hisa ambazo hazikuuzwa wala kununuliwa siku hiyo huhesabiwa upya kwa bei ya hizo mia tatu. Hakuna udanganyifu hapo. Ndivyo masoko mengi yanavyohesabu. Lakini bei iliyotokana na hisa mia tatu haina uzito sawa na bei iliyotokana na hisa milioni tatu, na ndiyo maana taarifa ya soko ya jioni huisoma kuanzia safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, kisha ndipo nirudi kwenye bei.

Baada ya hapo ndipo huwa nachukua kalamu. Nitatoa mfano wa hisa ninazozijua kwa sababu nimezishika tangu zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, yaani hisa za Benki ya CRDB. Mwaka 2009 ziliuzwa kwa shilingi 150. Mwaka 2015 benki iliuza hisa za nyongeza kwa wanahisa wake kwa shilingi 350, na bei ya sokoni wakati ule ilikuwa juu zaidi ya hapo. Kufikia mwaka 2019 hisa hizo hizo zilikuwa zikiuzwa kwa takriban shilingi 100. Kisha zikaanza kupanda, na mwishoni mwa mwaka 2023 bei yake ilikuwa takriban shilingi 460. Mtu aliyetazama mchoro wa bei peke yake angeona mpando wa zaidi ya mara nne katika miaka minne, na angekuwa na haki ya kuogopa.

Ila bei ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili iko katika taarifa za fedha ambazo benki zetu huchapisha magazetini kila robo ya mwaka, zile kurasa zenye maandishi madogo ambazo wengi hufungia maandazi. Kwa mwaka 2019 CRDB ilipata faida baada ya kodi ya takriban shilingi bilioni 120. Kwa mwaka 2023 faida ilivuka bilioni 420. Hisa zake ni takriban bilioni 2.6. Ukigawa, unapata faida ya shilingi 46 hivi kwa kila hisa mwaka 2019, na zaidi ya shilingi 160 mwaka 2023. Maana yake ni kwamba aliyenunua kwa shilingi 100 mwaka 2019 alilipa kama mara mbili ya faida ya mwaka mmoja, na aliyenunua kwa shilingi 460 mwishoni mwa 2023 hakufika hata mara tatu. Bei ilipanda zaidi ya mara nne, lakini faida nayo ilipanda zaidi ya mara tatu. Sehemu kubwa ya mpando ule ilikuwa na kitu chini yake.

Hili ndilo jambo ninalotamani kila anayenipigia simu alielewe kabla ya mengine yote. Bei ya hisa hupanda kwa njia mbili: ama kampuni inapata faida kubwa zaidi, ama watu wako tayari kulipa zaidi kwa faida ile ile. Kwa kawaida njia zote mbili huchanganyika, na kazi ya mnunuzi ni kujua mchanganyiko ukoje. Mpando wa njia ya kwanza unaweza kusimama ukakaa, kwa sababu hata bei ikiyumba faida ipo na gawio litalipwa. Mpando wa njia ya pili unategemea watu kuendelea kuwa na moyo ule ule, na moyo wa watu hauchapishwi gazetini kila robo ya mwaka.

Gawio nalo hueleza jambo jingine. CRDB ililipa shilingi 17 kwa kila hisa kwa mwaka 2019, na shilingi 50 kwa mwaka 2023. Gawio limekua karibu mara tatu, na mwenye hisa wa zamani anafurahi kwa haki. Lakini kwa mnunuzi mpya hesabu ni tofauti: shilingi 17 juu ya bei ya shilingi 100 ni asilimia 17, na shilingi 50 juu ya bei ya shilingi 460 ni kama asilimia 11, kabla ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Kampuni imekuwa bora na hisa imekuwa ghali zaidi kwa wakati mmoja. Watu wengi hulichanganya hili. Wanadhani kampuni nzuri na bei nzuri ni kitu kimoja.

Hiyo asilimia 11 huwezi kuipima bila kuilinganisha na kitu kingine, na kwa Tanzania kitu hicho ni hatifungani za serikali, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo watu huipa serikali kwa riba. Mwaka 2021 serikali ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huo ikashushwa hadi asilimia 12.56. Mtu aliyezoea kuikopesha serikali kwa karibu asilimia 16 akaambiwa kuanzia sasa ni chini ya 13, naye akaanza kutazama kando. Siwezi kusema ni kiasi gani cha mpando wa hisa za benki kilitokana na hilo, lakini fedha hutafuta pa kwenda, na riba zikishuka hisa huwa ni moja ya mahali hapo. Kenya iliona jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi mwaka 2003, pale riba ya hati fupi za serikali, yaani mikopo ya muda usiozidi mwaka, iliposhuka chini ya asilimia 2, na fedha zilizokuwa zimetulia huko zikahamia kwenye soko la hisa la Nairobi.

Kisa cha Nairobi kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana ndicho kipindi cha fahali kilichoacha alama kubwa kuliko vyote katika ukanda wetu. Fahirisi ya hisa 20 ya soko hilo ilikuwa karibu pointi 1,000 mwaka 2002. Mwanzoni mwa 2007 ilikuwa imevuka 6,000. Katikati ya safari hiyo, mwezi Mei 2006, hisa za kampuni ya umeme ya KenGen, ambazo umma uliuziwa kwa shilingi 11.90 za Kenya, zilipanda takriban mara tatu siku ya kwanza tu ya kuuzwa sokoni. Siku hiyo moja ilifundisha taifa zima somo ambalo halikuwa kweli, kwamba hisa mpya zikinunuliwa leo hulipa mara tatu kesho.

Basi Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 mwaka 2008, watu walijitokeza kwa mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa na fedha za mkopo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, na mwombaji wa kawaida akapata kama sehemu ya tano tu ya alichoomba. Hapo ndipo hesabu ya mkopo ilipogeuka. Mtu aliyekopa shilingi laki moja alitozwa riba juu ya laki moja nzima kwa wiki zote za kusubiri kurejeshewa salio lake, ilhali hisa alizopata zilikuwa za elfu ishirini hivi. Hata bei ingepanda vizuri, faida ya hisa za elfu ishirini ingelazimika kwanza kulipa riba ya mkopo wa laki moja. Siku ya kwanza bei ilivuka shilingi 7. Kufikia mapema 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3, na fahirisi iliyokuwa juu ya 6,000 ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe na akaweza kusubiri aliziona hisa hizo hizo zikivuka shilingi 40 mwaka 2021, kisha akaziona zikirudi chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Aliyenunua kwa mkopo aliuza mwaka 2009, kwa sababu benki haisubiri 2021.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu mkopo ni mfupi na haujawahi kubadilika: usikope kununua hisa, iwe benki, SACCOS au kwenye simu. Na kama fedha hiyo ni ya ada ya shule ya Januari, ichukulie vivyo hivyo.

Kipindi kile cha Nairobi kilifichua pia jambo ambalo halizungumzwi sana. Kati ya mwaka 2007 na 2009 kampuni kadhaa za udalali wa hisa zilianguka, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba hisa walizodhani wanazo zilikuwa zimeshauzwa bila wao kujua. Bei zinapopanda hakuna anayekagua. Kila mtu ana furaha, na mwenye nia mbaya hupata nafasi. Tangu niliposoma habari zile, nimejiwekea utaratibu wa kuomba taarifa ya akaunti yangu ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki zinamotunzwa hisa zangu, mara kwa mara na kulinganisha idadi ya hisa na kumbukumbu zangu, na hasa hufanya hivyo soko linapochangamka. Siku hizi ni rahisi zaidi kwa kuwa Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), inamwezesha mtu kufuatilia uwekezaji wake popote alipo. Hakikisha pia namba ya simu na akaunti ya benki zilizoandikwa humo ni zile unazozitumia sasa, maana gawio la watu wengi hukwama kwa sababu ya namba waliyoiacha miaka mingi iliyopita.

Kuna mipando ambayo si mipando kabisa. Zimbabwe, katika miaka ya 2007 na 2008, soko la hisa la Harare lilipanda kwa asilimia za kutisha, lakini kilichokuwa kikitokea ni kwamba fedha ya nchi ilikuwa inayeyuka na watu walikuwa wanakimbilia chochote kisicho noti. Kwetu mfumuko wa bei ni mdogo kwa sasa, ila hesabu ni ile ile kwa kiwango kidogo: mpando wa asilimia 8 katika mwaka ambao bei za bidhaa zimepanda kwa asilimia 4 ni mpando wa karibu asilimia 4 tu.

Wapo wanaosema kwamba ukiwa na subira hisa hurudi daima. Hurudi mara nyingi, si daima, na muda wa kurudi unaweza kuwa mrefu kuliko maisha ya kazi ya mtu. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele Desemba 1989, na haikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Hata wanahisa wa CRDB walionunua kwa shilingi 350 mwaka 2015 walisubiri takriban miaka saba kuiona tena bei hiyo. Kilichowasaidia wengi wetu ni gawio lililoendelea kuingia, na kutokuwa na haja ya kuuza.

Jambo la gharama sitalichelewesha. Kununua hisa kwa kiasi kidogo hapa kwetu hugharimu kama asilimia 2 ya thamani ya muamala, ukijumlisha kamisheni ya wakala, yaani dalali wa hisa, na tozo za soko, na kuuza hugharimu vivyo hivyo. Kwa hiyo anayeingia na kutoka hulipa takriban asilimia 4 hata kama bei haikusogea. Wale wanaonunua Aprili ili wapate gawio la Mei na kuuza Juni wakumbuke hilo, na wakumbuke pia kwamba siku ya kufunga rejista, yaani orodha ya wanahisa watakaolipwa gawio, ikipita, mnunuzi anayefuata hatalipia gawio ambalo hatalipata, na bei hushuka kwa sababu hiyo.

Shemeji nilimwambia aje na taarifa ya fedha ya kampuni anayoitaka, tukakaa mezani tukagawa faida kwa idadi ya hisa, tukaweka gawio pembeni, na riba ya hatifungani chini yake. Alinunua kampuni moja kati ya mbili alizokuwa amezitamani, na akagawa fedha yake mafungu ili anunue kidogo kidogo katika miezi iliyofuata badala ya siku moja. Ile ya pili faida yake haikuwa imeongezeka kwa miaka mitatu, ingawa bei yake ndiyo iliyokuwa imepanda zaidi.

Anayemiliki hisa tayari naye ana swali lake, nalo ni gumu kuliko la mnunuzi: auze lini? Mimi huuza sehemu, wala siuzi zote, pale bei inapokuwa imekimbia mbali kuliko faida kwa robo kadhaa mfululizo, au pale kampuni moja inapokuwa imevimba hadi kuwa zaidi ya nusu ya akiba yangu yote. Katika soko letu ni rahisi zaidi kuuza bei inapopanda kuliko inaposhuka, kwa sababu ndio wakati wanunuzi wapo. Bei ikianza kushuka, orodha ya wauzaji hurefuka na ya wanunuzi huwa tupu, na unaweza kukaa wiki kadhaa na oda ambayo hakuna aliyeigusa. Kabla ya kuweka oda, mwombe wakala wako akuonyeshe maombi yaliyopo ya pande zote mbili na idadi ya hisa katika kila bei. Kisha taja bei yako ya chini kabisa kwa maandishi, usiseme tu "uza kwa bei ya soko", maana katika soko lenye wanunuzi wachache bei ya soko inaweza kuwa ya mtu mmoja anayetafuta cha bure. Oda ikimaliza muda wake bila mnunuzi, mimi husubiri matokeo ya robo inayofuata yatoke gazetini, nikapiga hesabu upya, ndipo nikaamua kama niiweke tena.